Njiti Tatu za Kiberiti

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki, kusafishwa meno. Daktari ni binti mdogo, ningeweza kumzaa kabisa. Kanionyesha mchoro wa jino na mfupa wake. Nimeshtuka! Miaka hamsini na mbili najua jino limepigiliwa kama msumari. Kumbe halijaugusa mfupa. Linaning'inia kwa vijinyuzi, maelfu, vyembamba kuliko unywele. Nikauliza kama basi meno husogea. Akasema yakisukumwa polepole, kwa miezi, husogea.

Husogea!

Jumanne, 4 Machi
Mama wa bwana harusi kaja kukagua viti vya harusi ya Jumamosi. Kacheka ovyo, kusudi nione mwanya wake, mimi nisiye nao. Kanishauri kwenye picha nikae pembeni, yeye mwenye cheko akae katikati. Harusi ya binti yangu mwenyewe! Nimesali, hasira hazikutoka. Nimechomeka njiti ya kiberiti katikati ya meno yangu ya mbele.

Alhamisi, 6 Machi
Njiti mbili. Panauma, lakini uzi unapita! Nimemshukuru Mola kwa sauti. Mume wangu kauliza kulikoni. Nikasema afya. Nisamehewe.

Ijumaa, 7 Machi
Njiti tatu. Nimeng'ata mkate, mkate laini, jino likacheza kama mlango uliong'oka bawaba. Mbio kliniki. Daktari kachomoa njiti moja moja, akizipanga kwenye trei. Halafu akasema, "Mama, vile vijinyuzi umevichana. Ukivipumzisha vitajiunga. Ukivigusa tena, jino utalibeba mkononi."

Kalifunga na wenzake kwa waya. Wiki mbili. Mwanya wangu wote umejaa waya!

Jumamosi, 8 Machi
Harusi imefana. Mimi midomo nimeibana kutwa nzima. Mpiga picha kanibembeleza nicheke, wapi. Mama wa bwana harusi akawatangazia watu kwamba mwenzake ana uchungu wa kumtoa mwana. Wakanililia! Binti yangu kanikumbatia, kalia machozi ya kweli. Nimeona haya mpaka kisogoni. Nimetubu pale pale kitini.

Jumapili, 9 Machi
Meno siyagusi tena, Mola shahidi. Nimempigia daktari kumshukuru. Katika mazungumzo nikamuuliza, hivi hivi tu, pua imeshikwa na nini. Kasema ncha yake si mfupa, ni gegedu, kitu laini.

Laini!

Mama wa bwana harusi ana pua iliyochongoka, yangu bapa, na Jumamosi ijayo katualika kupiga picha za familia. Nimechagua kibanio cha nguo, kile chenye springi ngumu. Safari hii sina pupa. Nina siku sita nzima.