Saa Nne Yetu, Saa Nne Yao

Kwa furaha kubwa na moyo wa uwajibikaji, Ofisi ya Pamoja ya Kuorodhesha Vikwazo vya Amani ilitangaza kwamba katika miaka yake kumi na moja imeorodhesha vikwazo elfu nne mia mbili na kumi na saba, na hakuna hata kimoja kilichopotea. Vyote vipo. Vimepewa namba, vimefungwa kwenye majalada, na vinatunzwa mahali pakavu. Ziko ofisi ngapi duniani zinazoweza kusema hivyo?

Ofisi yenyewe ilijengwa juu ya kilima, karibu na uzio, nusu ya Waisraeli na nusu ya Wapalestina. Jiko lilikuwa katikati, kwa sababu hakuna upande uliodai jiko. Humo alifanya kazi Wijdan, ambaye watu walimwita Mama Sidra, wa kijiji cha Khirbet Lawza. Kazi yake ilikuwa kuchemsha kahawa, kutia hiliki, na kutosikia.

Sasa, mambo ya saa ni hivi. Kila mwaka joto linapokaribia, watu wa huku husogeza saa zao mbele. Pande zote mbili husogeza. Ila Waisraeli hutangulia wiki yao na Wapalestina hufuata wiki yao, maana wakisogeza siku moja itaonekana wamekubaliana. Basi kwa wiki tatu hivi, huku ikiwa saa nne, ukipiga hatua kumi kuelekea kwa wenzako unakuta ni saa tano, na hujachoka hata kidogo.

Wakubwa hawakuona shida. Shida ilikuwa ya Sidra, mwenye miaka minane.

Uzio ulipojengwa, nyumba ya Wijdan ilibaki upande mmoja na shule ikabaki upande wa pili. Katikati waliweka geti la jeshi, linalofunguliwa mara tatu kwa siku, dakika ishirini ishirini: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi jioni. Siku za kawaida shule hutoka saa sita na nusu, watoto wanatembea, geti linafunguka, wanavuka, wanakula. Lakini katika zile wiki tatu geti linafuata saa ya Waisraeli, shule inafuata saa ya Wapalestina. Geti likifunguka, watoto bado wanaimba jedwali la kuzidisha. Wakifika, limefungwa. Wanakaa kwenye jua zaidi ya saa mbili, watoto tisa, hakuna kivuli, hakuna maji.

Mwaka jana mtoto wa jirani, Jihan, alichoka kusubiri akajipenyeza chini ya waya. Waya ulimchana kutoka nyusi mpaka kwenye nywele, na askari wa juu ya mnara wa geti wakapiga risasi hewani. Walisema ni hewani. Tangu siku hiyo Sidra akawa na neno moja kila asubuhi:

"Mama, mimi nikichoka nitapita kama Jihan. Mimi mwembamba kuliko yeye."

Wewe mwenye mtoto unajua, neno kama hilo halingojwi litimie.

Wijdan akamwendea Mkurugenzi Wasfi, mkuu wa nusu ya Wapalestina, mtu wa tai pana na simu tatu.

"Mheshimiwa, naomba geti lichelewe saa moja tu. Wiki tatu tu. Watoto wanaungua."

Mkurugenzi aliguswa. Aliweka kikombe chini. "Mama Sidra, hili ni jambo zito. Hili tutalipatia namba."

"Siombi namba, mheshimiwa. Naomba geti."

"Namba ndiyo mlango wa geti. Bila namba, wewe ni mama analalamika. Ukiwa na namba, wewe ni mchakato."

Nawe ukisikia mtu mzima anasema "mchakato", mshike mwanao mkono usimwachie.

Kikao kikaitishwa saa nne asubuhi. Kanali mstaafu Amikam Shtern, mkuu wa nusu ya Waisraeli, alifika saa nne kamili ya kwao. Akakuta viti vitupu. Akanywa kahawa, akasubiri nusu saa, akaandika barua ya kulaani, akaondoka. Mkurugenzi Wasfi akafika saa nne kamili ya kwetu. Akakuta viti vitupu na kikombe kilichopoa. Akasubiri nusu saa, akaandika barua ya kulaani, akaondoka. Kesho yake wakarudia. Siku iliyofuata, vilevile, ila siku hiyo palikuwa na biskuti.

"Mheshimiwa," Wijdan alimwambia Mkurugenzi, "si uje tu saa tatu ya kwetu? Utamkuta."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Nije kwa saa yao? Leo nikubali saa yao, kesho wataniambia na leo ni siku gani!"

Kanali naye, alipoletewa kahawa, alisema bila kuulizwa: "Nikisubiri saa moja zaidi, watadhani tuna muda. Sisi hatuna muda. Huo ndio msimamo wetu miaka yote."

Mjumbe Maalumu, Bwana Torvik, aliyetoka nchi ya baridi inayolipa mishahara ya nusu zote mbili, alisoma barua zote za kulaani na kufurahi. "Pande zote zimefika chumba kilekile, siku ileile, zikakaa viti vilevile," aliandika kwao. "Kilichobaki ni kidogo." Akaomba fungu la miaka mitano.

Aliyebaki ni Ofra. Ofra alikuwa mpiga chapa wa Kanali, mama wa mtoto mmoja, na alikuja jikoni kutafuna lozi mbichi kwa chumvi ambazo Wijdan alileta kwenye mfuko.

"Mama Sidra, wewe unalia au ni kitunguu?"

"Sina kitunguu hapa."

"Haya. Nieleze."

Wijdan akaeleza. Ofra alitema ganda mkononi. "Wangu yuko jeshini, ana miaka kumi na tisa. Sijui hata wamemsimamisha kwenye geti gani. Kila simu ikilia naona giza." Akachukua lozi nyingine. "Tatizo la mabwana hawa hawajawahi kukutana. Miaka kumi na moja! Mimi na wewe tunakutana kila siku na hatulipwi posho."

"Wiki ijayo wanafanya sherehe kule kwenye geti. Mjumbe anataka kuona kikwazo kimoja kwa macho yake."

"Saa ngapi?"

"Ndipo walipokwama. Kadi za mwaliko hazijaandikwa."

Wakatazamana. Kisha Ofra akaenda kwenye mashine akaandika kadi ya Kanali: saa saba mchana. Wijdan akampelekea Mkurugenzi yake: saa sita mchana. Mjumbe, ambaye saa yake ilikuwa bado ya nchi ya baridi, dereva wake aliambiwa amlete tu.

Siku ya sherehe, Kanali alishuka kwenye gari, akamwona Mkurugenzi anashuka kwenye gari, akatabasamu. Mkurugenzi naye akatabasamu. Kila mmoja alijua moyoni kwamba mwenzake hatimaye amesalimu amri akafuata saa sahihi. Kwa hiyo wote walikuwa na roho nzuri sana.

Geti lile lina milango miwili, mmoja kwenye uzio wa huku na mwingine kwenye uzio wa kule, na katikati njia ya vumbi ya magari ya doria. Sajenti Yafit, binti mwenye bunduki na ubani wa kutafuna, alifungua yote miwili. Wakubwa wakaingia katikati, wakasimama, wakapigwa picha. Wijdan aliingia na birika. Ofra aliingia na majalada.

Hotuba hazikupangwa na mtu. Zilikuja zenyewe. Kanali alizungumza juu ya mkono ulionyooshwa. Mkurugenzi alizungumza juu ya mkono ulionyooshwa, akaongeza wa pili. Mjumbe akashika mikono yote akaanza historia fupi ya ofisi tangu kikwazo namba moja. Alipofika kikwazo mia tatu na kitu, mlango wa nyuma yao ulifungwa. Kisha wa mbele.

"Dakika ishirini," alisema Sajenti Yafit kutoka nje, akatia funguo mfukoni.

Kanali alicheka. "Binti, mimi ni Kanali Shtern."

"Karibu, Kanali. Saa kumi nafungua."

"Fungua sasa."

"Saa za geti hazibadilishwi ila kwa karatasi yenye sahihi za pande mbili, zilizotiwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Amri imebandikwa hapa. Mmetia sahihi ninyi wenyewe, kila mtu siku yake."

"Nitampigia mkuu wako!"

"Yuko kwenye semina ya vikwazo, kule kwenu."

Jua la mchana likawakalia. Tai ya Mkurugenzi ililegea. Mjumbe alianza kuwa mwekundu kuanzia masikioni. Kivuli kilikuwa cha nguzo moja, chembamba kama fimbo, nao wakasimama humo kwa mstari, Kanali, Mjumbe, Mkurugenzi, wamebanana kama ndugu.

Wijdan hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama ng'ambo ya waya, maana watoto walikuwa wamefika. Tisa. Walisimama wakashangaa kuona leo wakubwa ndio waliomo ndani. Kisha Sidra akavua mkoba, akachuchumaa, akausukuma chini ya waya kupima kama unapita.

Ulipita.

"Sidra! Toka hapo!"

"Napima tu, mama!"

"Usipime! Usiguse! Wallahi nitakuja kukutandika!"

Lakini angekujaje? Kati yake na mwanawe palikuwa na mlango wa chuma. Huko juu ya mnara kipaza sauti kikakohoa na kusema, kwa Kiarabu kibovu, kwamba aliye karibu na uzio arudi nyuma. Sidra alilala kifudifudi, kichwa kimeinamishwa pembeni ili aone vizuri.

Wijdan aligeuka, na huyu mwanamke wa kutosikia akapaza sauti mpaka birika likamtoka mkononi.

"Ninyi! Mko wawili, mko mahali pamoja, ni wakati mmoja! Tieni sahihi!"

Mkurugenzi akakohoa. "Kimsingi sina pingamizi. Ila upande unaoandika kwanza ndio unaoomba."

"Hasa," alisema Kanali. "Sisi hatuandiki kwanza."

"Basi tunaandika sisi," alisema Ofra. Akanyakua kalamu mbili kutoka mfuko wa Mjumbe, akampa Wijdan moja, wakapiga magoti vumbini na kuandika nyuma ya ratiba za sherehe, huyu kwa Kiebrania, huyu kwa Kiarabu. Wijdan aliishia darasa la sita. Aliandika herufi kubwa kubwa, kama za kwenye gunia la unga.

Mkurugenzi hakusoma, kwa sababu Kanali alikuwa hajasoma, na mwenye kusoma kwanza ndiye mwenye wasiwasi. Kanali naye hakusoma kwa sababu hiyohiyo. Mjumbe akahesabu moja, mbili, tatu. Wakatia sahihi kwa pamoja, wakabadilishana karatasi, wakatia tena, wakawarudishia wanawake kalamu. Kwa saa yoyote utakayotumia, ilichukua dakika nne. Wijdan alizipitisha kwenye matundu ya waya, kalamu bado iko mkononi.

Sajenti Yafit alisoma ya Kiebrania. Alisoma tena. Aliacha kutafuna. Kisha akapayukia mnara: "Wewe huko juu, nyamaza!" Akafungua mlango wa upande wa shule.

Sidra aliinuka, kifua chote kimejaa vumbi, akaingia mbio. Mama yake alimkamata kwa kola, akamchapa kofi moja la mgongoni, akamkumbatia mpaka mtoto akasema anabanwa. Wale wanane wakapita nyuma yake, na mlango wa pili ukafunguliwa.

Mkurugenzi alirekebisha tai akapiga hatua. Bunduki ilishuka taratibu, ikakaa mbele yake kama kizuizi cha reli.

"Bado, mheshimiwa."

"Bado nini? Geti liko wazi!"

Sajenti akasoma kwa sauti: "Geti lifunguliwe kwa watoto wa shule na mama zao, wanapotoka darasani, kwa saa ya shule. Kuanzia leo." Akainua macho. "Wewe ni mtoto wa shule?"

"Mimi ndiye niliyetia sahihi!"

"Ndiyo, na ni sahihi nzuri sana. Wewe, Kanali? Mama wa mtu?"



Ofra alijitokeza na majalada yake kifuani. "Mimi ni mama."

"Wa nani?"

"Wa Noam. Miaka kumi na tisa."

"Anasoma?"

"Anafundishwa kuendesha kifaru."

Sajenti alifikiri. "Hilo ni darasa. Pita."

Mlango wa kwanza ukafungwa, kisha wa pili. Wijdan alikuwa tayari njiani, anamfuta Sidra uso kwa pindo la gauni, anamgombeza bila kupumua, na Sidra anauliza kama kuna wali wa makluba nyumbani.

Kwenye kile kivuli chembamba wakubwa watatu walirudi kwenye mstari wao. Mjumbe Maalumu alipangusa shingo.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza.

Mkurugenzi aliangalia saa yake. Kanali aliangalia yake.

"Mia moja," walijibu kwa sauti moja.

Lilikuwa tamko la kwanza la pamoja tangu ofisi ifunguliwe. Mjumbe alishtuka, akapapasa mifuko yote miwili apate kuliandika. Kalamu moja ilikuwa kwa Ofra, nyingine kwa Mama Sidra, na wote wawili walikuwa wameshavuka.