Harusi Iliyokatwa kwa Masikio

Jumatatu, 10 Oktoba 2011

Sikukuu ya bata mzinga. Wakanada wote wako mezani. Mimi bado nimevimbiwa na biriani ya harusi. Qurratulain, mtoto wa shemeji yangu Shahnaz, ameolewa salama pale ukumbini Vaughan. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, kama desturi yetu. Upande wetu alipiga video Jafferali. Jafferali! Fulana yenye mifuko kila mahali, kompyuta ya kujionyesha, programu ya kununua. Upande wa wanawake waliisimamisha kamera moja pembeni, wakaiwasha, wakaisahau. Imerekodi zaidi ya saa nne bila kupumua. Faili moja, refu kama foleni ya magari barabara ya Bathurst jioni.

Shida ni Mama Mkwe. Yuko Upanga, Dar es Salaam. Alinyimwa viza, kwa mara nyingine. Basi akamwimbia bibi harusi kwa simu, spika wazi, wanawake wote wakisikiliza. Sasa anataka kitu kimoja tu: kuuona uso wa mjukuu wake alipokuwa anaimbiwa. Mansoor, binamu wa mke wangu Kanizfatema, anasafiri Jumamosi na atambebea. Lakini saa nne nzima! Mama Mkwe atasinzia kabla bibi harusi hajaingia. Lazima likatwe vipande.

Jafferali akasema, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba mkewe atalikata. Sijui nilipandwa na nini. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nitakata mimi, tena kwa programu ya bure. Shahnaz akaruka. Upande ule wanawake hawakujifunika, mwanamume hawezi kutazama. Nikamjibu kwamba programu za kisasa hukata zenyewe. Programu haina macho. Wakatazamana. Nadhani walivutiwa.

Jafferali ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba miaka yote hii Mama Mkwe akipiga simu huuliza, "Na yule yupo?" Yule! Jina langu ni Mohamedtaki. Baada ya kazi hii atalijua.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimerudi kazini nikala wima. Nimeshusha programu tatu. Kanizfatema akanipa kanga nifunike skrini. Nimebakisha ukanda mwembamba chini, wenye vitufe tu. Kanga imeandikwa HUJUI KITU. Nadhani alichukua ya juu tu kabatini.

Programu ya kwanza: bure, nyota nyingi za sifa. Ikakata vizuri. Nikamwita Inara, binti yetu, atazame matokeo. Akacheka mpaka akakaa chini. Maandishi mekundu yamepita juu ya uso wa bibi harusi, yanasema lipa kwanza. Bure gani hiyo? Inara akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anasikia tu, kwamba yeye ni mwanamke, ana macho, nimpishe akate yeye. Nikamwambia nimeahidi mimi. Heshima ya mtu haikaimishwi.

Programu ya pili: imeingia na ndugu zake. Sasa kila nikifungua intaneti natabiriwa nyota. Leo nitakutana na mgeni mrefu.

Programu ya tatu ina picha ya mjusi. Sikuifungua hata. Mtu makini hatumii mjusi.

Jumatano, 12 Oktoba

Ushindi! Yaani, karibu. Nimepata programu inayoligawa faili yenyewe, sawasawa, robo saa robo saa, hakuna haja ya kutazama. Nikasikiliza mwisho wa kila kipande. Kipande kimoja kinaishia Mama Mkwe akiwa katikati ya neno. Wimbo umekatika mara mbili kama muwa. Nikafuta.

Nikapata nyingine, ya kisayansi zaidi. Hukata pale inapokuta ukimya. Nikaiachia harusi nzima, nikaenda kunywa chai. Nikanywa ya pili. Katika upande wa wanawake, kwa saa zote nne, programu imekuta ukimya mara moja tu: biriani ilipoletwa. Nikapata vipande viwili, kabla ya biriani na baada ya biriani.

Jafferali amepiga simu kuniuliza hali. Hali! Nikamwambia namalizia. Kanizfatema leo hakwenda kazini, kichwa kinamuuma. Lakini nilimkuta mchangamfu sana, na kiti changu cha kompyuta kimesogezwa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimepata akili. Shahnaz alinikataza kutazama. Hakunikataza kusikiliza harusi nzima! Nimevaa spika za masikioni, kanga juu ya skrini, nakata kwa masikio. Programu mpya, bure kabisa, alama mbili tu: anzia hapa, ishia hapa.

Wimbo nimeupata. Mama Mkwe ana sauti bado, mashallah. Baada ya wimbo wanawake wakaanza kupiga soga. Nikasikia jina langu. Masikio yakasimama.

Shahnaz anawahadithia kwamba mahafali ya Inara niliyapiga video mwanzo mpaka mwisho kifuniko kikiwa mdomoni mwa kamera. Vicheko! Mtu mmoja aligonga meza. Kwanza, sauti ilikuwa safi kabisa. Pili, ilikuwa mara moja.

Halafu Kanizfatema. Mke wangu. Akasema wacheke, lakini Baba yake alipokuja kututembelea akaugua hapa Toronto, ni huyu huyu Mohamedtaki aliyelala kwenye kiti hospitalini, akimnyoa ndevu, akimsomea magazeti ya Dar ya wiki iliyopita kama ya leo, mpaka mzee alipofumba macho. Akasema, "Na domo lote hilo alilonalo, hili hajawahi kulisema kwa mtu."

Nimekaa. Nimelia, ndiyo, nimelia, nikajipangusa kwa pembe ya kanga bila kuangalia skrini. Sikujua kwamba anayakumbuka yale magazeti.

Kisha nikamsikia anamalizia: "Lakini jamani, hii video msimwachie."

Ijumaa, 14 Oktoba

Mpango umekamilika. Mama Mkwe lazima asikie maneno ya mwanawe. Mimi sikuyasema. Yamesemwa. Kuna tofauti. Naondoa kipande cha kifuniko mbele, naondoa kile cha msimwachie nyuma, katikati nabaki nang'ara kama sufuria ya Idi. Wimbo na sehemu nyingine zote zinabaki kama zilivyo. Nani atajua?

Nikaweka alama. Kata, kata. Programu ikalia ting! Bila shaka kisanduku cha swali kimetokea katikati ya skrini, chini ya kanga. Kufunua siwezi, nimeapa. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha kukubali kwenye kibodi. Programu ya bure itamuuliza mtu swali gani baya?

Faili limepungua ajabu! Saa nne zimebanwa zikawa kitu kidogo kabisa. Hii ndiyo alama ya programu nzuri. Nikachoma DVD, nikaandika juu yake WANAWAKE TU, kwa herufi nzuri, na chini yake: Kazi ya Mohamedtaki. Ili jina lisipotee njiani.

Mansoor alikuwa mlangoni, injini inaunguruma, hata nafasi ya kusikiliza tena sikupata. Kanizfatema naye akampa bahasha ya dawa za Mama. Nikamwambia Mansoor ailinde DVD kuliko pasipoti. Nikampigia Jafferali kumweleza kwamba imekwenda. Akanipongeza. Nilitamani angenuna.

Jumapili, 23 Oktoba

Mama Mkwe amepiga simu. Alianza na Kanizfatema. Kilio, dua, kilio tena. Ameuona uso wa Qurratulain. Anacheka na kulia pamoja, mkono mdomoni, vilevile alivyokuwa mdogo. Nikajinyoosha shati nikingoja zamu yangu.

Kumbe si DVD yangu! Ndani ya bahasha ya dawa mlikuwa na flashi. Kanizfatema alikata wimbo mwenyewe Jumatano, kwa ile programu ya mjusi. Anasema ilichukua muda wa chai kuchemka. Kichwa kinamuuma, ati!

Nikapewa simu. "Mohamedtaki," akasema Mama Mkwe. Jina zima! Nikaitika mara mbili.

Akasema DVD yangu nayo ameiweka, akaita wanawake wa jengo zima, tangu gorofa ya chini. Ina vitu viwili tu. Shahnaz anahadithia kifuniko. Kanizfatema anasema msimwachie. Basi, mwisho. Kumbe kile kisanduku kilikuwa kinauliza niondoe nilichoweka alama au nikihifadhi! Wameitazama mara tatu. Jirani yake alianguka na kiti. Sasa wanaomba na ile ya mahafali.

Niliomba ardhi ipasuke. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema siku ile ya harusi, alipomaliza kuimba, hakuna aliyekata simu. Walimsahau mezani, spika wazi. Alisikia vicheko vyote. Akamsikia na mwanawe akisema habari za hospitali. "Miaka yote nilidhani mume wangu alikufa ugenini na manesi tu," akasema. "Sikujua alikuwa na mwanangu wa kumsomea gazeti."

Nikasema simu inakatakata. Haikuwa inakatakata.

Nimekaa nikafikiri sana. Fundisho liko wazi: kosa lilikuwa la kisanduku. Kingetokea chini, karibu na vitufe, hakuna ambalo lingeharibika. Na bahati haijanitupa, maana leo hii pale kituo cha jumuiya yetu wamesema kuna makasha ya kanda za harusi za zamani, za miaka mingi, pande zote mbili, zinatafutiwa mtu wa kuzikata. Jafferali akaanza kukohoa ili aseme. Mkono wangu ulikuwa juu tayari.

Nimeshapata programu. Bure. Inasemekana hukata yenyewe pale watu wanapocheka. Nimemwomba Kanizfatema kanga nyingine, pana zaidi.

Amenipa ileile.