Kalinzi ya Jumba la Serikali

Adalbert alisikia tangazo akiwa ananyoa ndevu: chef wa culture wa rébellion iliyoshika mji anataka majumba yote ya serikali yafunguliwe kwa fête, sherehe ya desturi za Kivu. Vita ilikuwa inachoma vijiji kuanzia Walungu mpaka Kalehe, lakini Bukavu ilitakiwa icheze ngoma, ili wazungu wa ONG, wale wa misaada, waone kama kila kitu iko bien. Adalbert akafuta povu, akacheka peke yake.

Yeye alikuwa planton tu, tarishi wa mlangoni, katika jumba moja kubwa la Ibanda. Wakubwa walipokimbia waasi, alibaki na funguo, akahamia bureau, ofisi ya directeur, na kitanda chake, akavaa kravati, akajipa na jina la directeur. Simwiti mwongo, Mungu anisaidie. Alijipandisha cheo tu bila kusumbua mtu. Sasa kila aliyetaka salle, ukumbi wa jumba, alipaswa kupitia kwake, na si kwa mikono mitupu.

Jumamosi akafika Maman Virginie wa Walungu, na wanawake kumi na wanane nyuma yake, kila mmoja na mkeka. Tangu vita iwafukuze vijijini walikuwa wanalala katika madarasa ya paroisse, na padri alishawaambia: Jumatatu wanafunzi wanarudi, mutoke. Hilo Virginie hakulitaja.

«Papa directeur,» akasema, na kravati ikanyooka yenyewe, «tunaomba salle. Tutaonyesha maisha ya mwanamuke wa Bushi: kupika, kusuka, kulaza batoto.»

«Hata kulaza?»

«Culture yetu iko na usingizi mingi, papa.»

«Na mimi mutaniletea nini?»

«Mbuzi moja na pombe ya kasiksi mitungi mbili. Tutatoa kalinzi mbele ya batu.»

Adalbert alizaliwa mjini. Mashi yake, lugha ya Bushi, iliishia kwenye salamu. Lakini directeur mzima atamuulizaje mama mwenye mkeka maana ya neno?

«Kalinzi! Naturellement. Bila kalinzi sifungui.»

Kesho yake, baada ya misa, salle ilijaa. Chef wa culture, Papa Théodore, naye mtoto wa Bushi, alikaa mbele kabisa. Virginie akavuta mbuzi katikati.

«Papa directeur, unapokea kalinzi ya hii nyumba?»

«Ninaipokea kwa mikono mbili!»

Vigelegele. Papa Théodore akanywa kasiksi, akatangaza mbele ya mikro ya redio kwamba utawala wake unaheshimu desturi zote, haitafutwa hata moja. Mbuzi akaliwa. Adalbert alipewa maini.

Saa kumi akapiga makofi. «Bamaman, fête imeisha. Mukunje mikeka.»

Hakusimama mtu. Kamba za nguo zilishafungwa dirisha hadi dirisha.

«Papa,» Virginie akasema polepole, kama anafundisha catéchisme, «mwenye kupokea kalinzi amegawa udongo. Mwenye kuitoa anaikala, yeye, batoto yake na bajukuu.»

«Chef! Hii iko nyumba ya serikali!»

Papa Théodore akatazama mikro, akatazama mifupa kwenye sahani yake. «Ni wewe ulipokea, directeur. Mimi nilikuwa témoin, shahidi tu.» Akavaa kofia, akakimbilia fête nyingine.

Adalbert akaenda bureau kuokoa hata kitanda. Akakuta mmoja wa wale wanawake, bibi wa miaka themanini, amekwisha kujinyoosha juu yake.

«Mutoto,» bibi akasema bila kufumbua macho, «hapa iko bureau. Toka, ubishe kwanza.»

Miguu ya planton ikatii kabla ya kichwa: akatoka, akafunga mlango taratibu, akabisha.