Kadi Zisizo na Mgongo

Adinani wa Mbamba Bay aliamini kwamba Mungu aliwapa watu wa milimani kahawa, kisha akamleta yeye duniani awapunguzie mzigo. Alikuwa akingoja tu njia halali ya kuupunguza. Njia hiyo aliipata siku mgeni mmoja wa Kizungu alipoondoka nyumba ya wageni akasahau kasha la kadi za picha, na watoto wa mpishi wakawa tayari wanazikunja kutengeneza mashua. Adinani alizikomboa kwa maandazi.

Hazikuwa karata. Kila kadi ilikuwa na picha ya askari, mchawi, chura au joka, na pembeni namba ya nguvu zake. Mgongoni zote zilikuwa za buluu, ila chache hazikuwa na mgongo kabisa. Hizo zilikuwa na sura mbili: upande huu mtu mpole, ukimgeuza amekuwa simba wa manjano mwenye nguvu za kutisha.

Chini ya kasha kulikuwa na kanuni za mashindano. Adinani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kimenolewa na watalii, alizisoma mara mbili. Kadi ya sura mbili, zilisema, inajisaliti yenyewe, kwa kuwa haina mgongo wa kuifanya ifanane na wenzake. Kwa hiyo kila mchezaji avishe kadi zake zote mifuko inayofanana, isiyoonyesha ndani. Ilikuwa kanuni ya haki kabisa, na Adinani aliipenda papo hapo. Hakuna kitu kinachoibia watu kwa raha kama haki.

Wiki ile shemeji yake Ramadhani, mume wa dada yake Mosi, alimkabidhi pikipiki apeleke usipa, wale dagaa wa ziwani, Mbinga na kurudi jioni. Usipa uliuzwa. Pikipiki na Adinani wakabaki Mbinga.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Mji ulikuwa na baridi ya kuuma na watu wenye furaha, mchanganyiko unaomfaa sana tapeli, kwani watu hukaa ndani na kutafuta la kufanya. Adinani akavaa makoti mawili, akapata meza katika mgahawa wa Mama Herieth karibu na stendi, akatangaza mashindano. Yeye ndiye alikuwa mwandaaji, mwamuzi na mchezaji.

"Mbona vyote wewe?" aliuliza Pankras, fundi viatu.

"Kaka, anayezijua kanuni ni mmoja. Unataka nigawanyike?"

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mmoja anashika kadi zake, wanapokezana kutangulia. Wa kwanza analaza kadi mezani bila kuifunua, wa pili anajibu, kisha zote zinafunuliwa na yenye nguvu zaidi inaila nyingine. Mwenye sura mbili ana ruhusa ya kugeuza mtu kuwa mnyama. Ukijua mwenzako amelaza simba, unamrushia chura, unaweka joka lako akiba.

Na Adinani alikuwa anajua. Mifuko aliyowagawia watu ilikuwa ya plastiki nyeusi, ya heshima ukiitazama mezani. Lakini wapinzani aliwakalisha mgongo ukiwa dirishani, na jua likipita, plastiki ile ilikuwa chandarua. Kwa mtindo huo alishinda kuku wa Pankras, redio ya kinyozi na blanketi la mlinzi wa ghala. Watu walikubali kuwa kijana yule ana kipaji.

Ndipo akaja Wendelin.

Mzee Wendelin wa Maguu alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, na nusu ya kijiji ilimtegemea. Alikuwa na kila kitu isipokuwa kiasi. Aliiona pikipiki nyekundu mlangoni, akaizunguka, akaipapasa tangi.

"Shikamoo mzee," Adinani alisema kwa sauti ya asali.

"Marahaba. Hii nayo inachezewa?"

"Kila kitu kinachezewa, mzee wangu, mradi kipatikane cha kulingana nacho. Nasikia una mashine."

Wakakubaliana: Jumamosi, pikipiki kwa mashine. Adinani hakulala vizuri kwa furaha. Kuhusu shemeji, alijiambia kwamba atamrudishia pikipiki na mashine juu yake, na ya kuchelewa yatasahaulika. Alijiambia hivyo mara nyingi, dalili kwamba hakujiamini.

Jumamosi mgahawa ulijaa. Wendelin alikuja na mkewe, Mama Notburga, muuza miche ya kahawa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Mama Notburga hakukaa. Alichukua mfuko mmoja wa Adinani wenye kadi ndani, akaenda nao dirishani.

"Baba Tadea, njoo uone. Simba huyu namhesabu meno," alimwita mumewe.

Watu wakasogea dirishani. Kuku wa Pankras, aliyefungwa chini ya meza, alilia, na Pankras akaanza kufikiri.

"Mama, hiyo ni mifuko ya kisasa," Adinani alisema upesi.

"Sijakataa. Hebu tusomee ile kanuni, mwanangu. Nasikia unaisoma kama padri."

Adinani akaisoma. Angefanyaje? Mifuko inayofanana, isiyoonyesha ndani.

"Basi sisi tunayo," alisema Mama Notburga, akatoa kwenye kikapu bunda la viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche. "Hii hata jua la Oktoba haipitishi."

Kila mtu Mbinga anavijua viriba tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Adinani alikuwa mtu wa ziwani, wa mihogo na nyavu. Kwake vilikuwa mifuko tu. Alimwona Mama Notburga akikata kila kiriba vipande viwili, cha juu na cha chini, akiunganisha kingo kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la Mama Herieth.

"Nusu zenu hizi, mgeni. Nusu zetu hizi. Tusigombane."

Adinani alianza kuvisha kadi zake huku moyo wake ukiwa mzito. Mara akaona kitu. Katikati ya mfuko kulikuwa na vitundu vidogo, na kupitia vile mgongo wa buluu ulionekana. Akamvisha simba: kwenye vitundu, manjano.

Alikaribia kupiga kelele. Watu hawa wametoboa mifuko yote, wakamletea dirisha! Mtu mwaminifu angesema, na hata mwizi mwenye busara angeomba kuona mifuko ya mwenzake. Adinani alitaka jambo moja tu, vitundu visigunduliwe kabla hajavifaidi.

"Jamani, mifuko imekubalika?" alipaza sauti.

"Imekubalika!"

"Mchezo ukianza, hakuna kulalamikia mifuko!"

"Hakuna!" walijibu, na aliyejibu kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mama Notburga.

Wendelin akatangulia. Akalaza kadi. Adinani akainama kama anayekohoa, akatafuta kitundu. Mfuko ulikuwa mweusi, mzima, bila tundu. Akatazama zile alizoshika mzee: nyeusi tupu, zote.

"Mzee," alisema, "mfuko wako..."

"Una nini?"

"Hauna..." Akaishia hapo. Kusema mfuko wa mzee hauna vitundu ni kukiri kwamba wake unavyo, na kwamba aliviona akanyamaza.

Aliyewahi kujaza udongo kwenye kiriba angemweleza. Vitundu hutobolewa nusu ya chini, maji yatoke. Nusu ya juu haina. Mgeni alikuwa amepewa nusu ya chini.

Kilichofuata kilikuwa cha kusikitisha, na mgahawa mzima ulikicheka. Adinani akilaza simba, Wendelin anachungulia kitundu, anaona manjano, anajibu kwa chura. Adinani akilaza askari, Wendelin anaona buluu, anashusha joka.

"Bahati ya mzee leo!" Pankras alisema, akiwa ameshamfungua kuku wake na kumpakata.

Mchezo ulipokwisha, Wendelin alitoka mbio za umri wake, akapanda pikipiki bila kujua hata inavyowashwa. Adinani alimfuata, akapiga magoti kwenye vumbi. Safari hii hakuwa akiigiza.

"Mzee, nisamehe. Si yangu. Ni ya shemeji yangu. Dada yangu anakula kwa pikipiki hii."

"Ungesema kabla hujaichezea," alisema Wendelin, akipapasa tangi.

Mama Notburga alikuja, akachomoa ufunguo.

"Shuka, Baba Tadea."

"Nishuke? Si nimeshinda?"

"Pikipiki hii naijua kuliko anavyoijua huyu. Ndiyo iliyokuwa inaniletea usipa kila wiki. Tangu ipotee tunakula maharage matupu, na wewe ndiye unayelalamika kuliko wote. Nilimpigia simu mwenye pikipiki."

"Kwa hiyo mimi nimeshinda nini?"

"Umebaki na mashine yako. Hujui ulivyokuwa karibu kuikosa."

Nyuma, kutoka jikoni kwa Mama Herieth, alitokea Ramadhani akijifuta mikono. Alikuwa amekuja kwa basi la asubuhi, na mchezo wote aliusikiliza akila ugali. Adinani alitamani ardhi immeze. Angetukanwa angeweza kujitetea, maana maneno hayakuwahi kumpungukia. Lakini Ramadhani alikuwa mtu wa adabu, na kwao shemeji hatukanwi.

"Shemeji," alisema Ramadhani.

"Shemeji," alinong'ona Adinani.

"Habari za huku?"

"Nzuri, shemeji. Poleni na safari."

"Tumeshapoa." Ramadhani alipokea ufunguo, akamshukuru Mama Notburga kwa mikono miwili, akawasha pikipiki. Adinani alijifuta magoti, akasogea kupanda nyuma. Ramadhani akamzuia kwa upole, kama anayemwondolea jani begani.

"Mosi anakusalimu sana," alisema. "Amesema wewe uje kwa miguu."