Shaka ni Mali ya Bingwa

Kamisheni ya Ngumi ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba tatizo sugu la mabingwa kushindwa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu.

Tangazo lilitolewa ukumbini na Mwenyekiti mwenyewe, mtu mwenye tumbo la cheo na koo la hotuba, ambaye hajawahi kurushiana ngumi na mtu ila ameshapigwa picha na mikanda yote nchini.

"Ndugu zangu," alisema, "bingwa haokotwi barabarani. Hatuwezi kumnyang'anya mtu mkanda kwa sababu tu amepigwa. Kuanzia leo, jaji akiwa na shaka, shaka hiyo ni mali ya bingwa."

Jaji mmoja akanyoosha mkono. "Na asipokuwa na shaka, Mheshimiwa?"

"Jaji asiye na shaka hajaelimika. Huyo tutampeleka semina."

Wakapelekwa wote. Huko wakafundishwa kutambua shaka katika mazingira magumu, na mwisho wakafanya mtihani: bingwa amelala chali, mpinzani wake amesimama, nani anaongoza? Aliyejibu "mpinzani" alirudia semina. Jaji Mkuu, mzee mpole ambaye hata kwenye simu huinama akiongea na Mwenyekiti, aliongoza kwa alama. Alikuwa ameandika: "Inategemea bingwa amelala kwa nia gani."

Mtu pekee ambaye hakupiga makofi siku ya tangazo alikuwa bingwa mwenyewe. Walimwita Tingatinga, na alikaa safu ya nyuma kabisa na mkewe, msusi wa nywele.

"Aisifuye mvua imemnyea," mkewe alimnong'oneza, akimtazama Mwenyekiti. "Huyu hata manyunyu hajaonja."

Tingatinga hakusikia vizuri. Sikio lake la kushoto lilikuwa linavuma tangu pambano la mwisho, na daktari alishamwambia kwamba kichwa si ngoma. Juzi alimwita binti yake kwa jina la shangazi yake marehemu. Mtoto alicheka, mama yake alikwenda kulilia jikoni. Tingatinga aliogopa, na hofu hiyo haikuwa ya ulingoni. Alichotaka sasa ni kimoja tu: ashindwe mbele za watu, kihalali, arudi nyumbani angali anaijua njia.

Alishajaribu kujiuzulu. Karani wa Kamisheni alimpokea kwa heshima zote.

"Haiwezekani, kaka. Kanuni inasema bingwa ni yule aliyefungwa mkanda kiunoni ndani ya ulingo. Mkanda unatoka kiunoni mwa mtu kwenda kiunoni mwa mwingine. Hauwezi kutoka kiunoni ukaja mezani kwangu."

"Na nikiugua?"

"Utaugua ukiwa bingwa. Kuna wanaoitamani hiyo nafasi."

Basi ikafika siku ya pambano. Mpinzani alikuwa kijana mchomelea vyuma, ana mabega kama milango miwili, na hakuhudhuria semina yoyote. Raundi ya kwanza alimtwanga Tingatinga kuanzia kona hadi kona. Majaji wakampa Tingatinga kumi kwa tisa, kwa sababu ya utulivu wake.

Raundi ya pili Tingatinga akaona isiwe taabu, akakaa chini. Refa akaanza kuhesabu: moja, moja na kitu, moja na kitu kikubwa. Mashabiki wakazomea mpaka sauti zikawakauka. Alipofika nne, kengele ikalia, na Jaji Mkuu akaandika kwamba bingwa amechuchumaa kimkakati.

"Mzee, nimeshindwa!" Tingatinga akamwita kutoka kwenye kamba. "Nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu!"

"Na unyenyekevu juu," Jaji Mkuu akawaambia wenzake. Wote wakaafiki.

Raundi ya tatu mkewe hakuvumilia. Akampokonya kocha taulo, akalitupa katikati ya ulingo. Pambano likasimama. Majaji wakaweka vichwa pamoja kujadili kama taulo limetupwa ama limedondoka tu, maana mikono ya wasusi ni laini kwa mafuta.

Hapo Mwenyekiti akaamua kukata mzizi wa fitina. Akapanda ulingoni na mkanda mkononi, ili amvishe bingwa papo hapo watu waache maneno. Wapiga picha wakasogea.

"Njoo, bingwa wangu."

Tingatinga alimtazama mkewe. Uso ule aliutambua barabara, na jina lake alilikumbuka, akashukuru.

"Mheshimiwa," akasema, "kichwa changu hiki siku hizi kinasahau. Hata mkanda sikumbuki unafungwaje. Hebu nionyeshe kwanza."

Mwenyekiti alizitazama kamera. Mtu ni mtu, na kamera ni kamera. Akauzungusha mkanda kiunoni, akavuta pumzi, akabana bizimu, akatabasamu.

"Unafungwa hivi."

"Jaji Mkuu," Tingatinga akasema, "kanuni inasemaje?"

Jaji Mkuu alisimama, akainama kama ada yake. "Inasema bingwa ni aliyefungwa mkanda kiunoni ndani ya ulingo. Hongera sana, Mheshimiwa. Tulikuwa tunajiuliza utakubali lini."

Tingatinga alishapita chini ya kamba. Mkewe alimfungua glavu, akamshika mkono, wakaanza kutoka.

"Ngoja!" Mwenyekiti alikuwa anahangaika na bizimu, lakini tumbo lilikuwa limeshalikalia. "Mimi simo! Mimi ni kiongozi!"

Kengele ikalia. Mchomelea vyuma alimtazama refa, refa akainua mabega, na konde la kwanza likatua kwenye cheo, chini kidogo ya mbavu.

"Nimeshindwa!" Mwenyekiti akapiga kelele akiwa amepiga magoti. "Andikeni! Nimeshindwa!"

Majaji wakatazamana kwa huzuni ya watu waliosoma.

"Kuna shaka," akasema wa kwanza.

"Kubwa," akasema wa pili.

"Mheshimiwa," Jaji Mkuu akamwambia kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao, "unaongoza. Zimebaki raundi tisa."