Nyota za Karatasi ya Simenti

Jumatatu, 3 Juni
Nimejiandikisha kozi ya mablanketi ya vipande. Mimi, Narcisse, niliyewashonea wachungaji suti kule Bukavu! Nimekalishwa benchi moja na watu wasiojua kupachika kifungo. Nikavumilia, kwa sababu nina mpango. Walimu wetu, Mama Léoncie na Mama Spès, walisomea kazi hii Lilongwe, na sasa wanatafuta mwalimu wa tatu. Atakuwa yule ambaye blanketi lake litachaguliwa na wageni kwenye maonyesho ya Lilongwe. Tangu tufike hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, naitwa fundi wa kupunguza suruali. Nataka kuitwa mwalimu. Nataka mno.

Mbinu yenyewe ni ya ajabu. Nyota inachorwa kwenye karatasi nyepesi. Kitambaa kinakaa nyuma ya karatasi, unashona juu ya mstari, unakunja, unapiga pasi, unaongeza kingine. Mwishoni unaichana karatasi na kuitoa yote, inabaki nyota. Mama Léoncie alisisitiza mishono iwe midogo midogo ili karatasi ichanike kirahisi. Sikusikiliza sana. Cherehani naijua kuliko ninavyomjua mke wangu.

Jumatano, 5 Juni
Aibu. Nilikata vitambaa sawasawa na mstari, kwa jicho tu, bila kuacha pindo. Nyota yangu haina ncha hata moja. Mama Odette wa Uvira, anayeshonea kwaya sare, aliitazama akauliza kwa upole kama ni kobe. Darasa zima likacheka. Za kwake zina ncha za kuchoma mtu! Huyu mama ataninyima cheo changu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimegundua tatizo. Si mimi, ni karatasi! Nyepesi mno. Nikikanyaga cherehani kwa kasi yangu inapasuka kabla ya wakati wake. Nikaenda Dowa mjini, nikamwomba mwashi mmoja mifuko mitupu ya simenti. Nikampa zikomo nyingi, asante ya Kichewa, nikaondoka nayo. Nikaikung'uta, nikachora. Lo! Karatasi ya mwanaume! Mishono mirefu, mbio moja kwa moja, na kila ncha imekaa mahali pake. Gertrude, mke wangu, alipiga chafya mpaka jioni akauliza kama tumehamia kwenye chantier ya ujenzi. Wake wa mafundi wakubwa huteseka.

Jumatatu, 10 Juni
Karatasi haitoki. Nimevuta kwa mkono, kwa koleo, kwa meno. Kinachochanika ni kitambaa. Nikakaa, nikatafakari, kisha nikafunika kila kitu kwa kitambaa cha nyuma na kushona kingo. Nani ataona? Blanketi limenyooka kama meza. Kasoro ni moja tu: ukiligusa linapiga kelele, chakarachakara. Mama Léoncie alipolikagua nilikohoa mfululizo ili asisikie. Akanihurumia. "Papa Narcisse, wende ku centre ya afya, ile kikohozi haiko muzuri." Nilimshukuru kwa kukohoa tena.

Jumamosi, 15 Juni, Lilongwe
USHINDI!
Nililitundika juu kabisa, karibu na dari, mtu asilifikie. Wageni walilisifu kwa kunyooka. Lakini watu walizidi kujaa kwa Mama Odette. Hapo msumari ukang'oka. Blanketi likamwangukia mama mmoja wa mjini aliyebeba mtoto anayelia tangu asubuhi. Chakarachakara! Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Mtoto akanyamaza. Akashika pembe, akaifinya, akacheka. Akafinya tena, akacheka tena. Watu wakawazunguka. Mama yake akauliza nimewezaje kulitia blanketi sauti. Nikamjibu kwamba ni siri ya Bukavu. Akalinunua palepale, na wageni wakanichagua mimi!

Mama Léoncie alilibonyeza mara mbili. Akasema polepole, "Kumbe, ndiyo ile kikohozi yako." Lakini wageni walikuwa wameshaamua. Akanipa mkono mbele ya wote, akaniita mwalimu. Nilitokwa na machozi. Sijali nani aliona.

Jumatano, 19 Juni
Mwalimu Narcisse anaandika. Yule mama wa Lilongwe alipiga simu jana. Amelifua blanketi. Limetoka na mabonge, tena limekuwa bubu, na mtoto amerudia kulia. Nikamweleza kwamba limechoka na safari. Akaomba nimshonee jingine, ila hili sauti yake isife majini. Mteja wa kudumu tayari! Mama Léoncie amesema nilishone mbele ya darasa, liwe somo langu la kwanza, na yeye atakaa benchi la mbele. Hatimaye ameona kipaji.

Nimejichunguza kwa moyo mweupe nijue nilikosea wapi. Nimepata. Karatasi inalowa! Kwa hiyo leo ndani ya nyota naweka mifuko ya nailoni. Wanafunzi wamekwisha kukaa. Mama Odette ameinua mkono kuuliza nailoni itapigwaje pasi. Wivu mtupu. Nimemwambia asogee karibu ajifunze. Makaa ya pasi yamekuwa mekundu kabisa, naanza.