Daraja Lililojiporomosha

Wizara ina furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote kwamba daraja jipya la waenda kwa miguu halikuvunjwa na mtu. Limevunjika. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi na jioni, na mwenye swali alielekezwa aende Kitengo cha Visababishi, ghorofa ya tatu, mlango unaofuata baada ya choo kibovu.

Mkuu wa kitengo hicho watumishi walimwita Mzee Ika. Hakukasirika, maana jina alilipata kihalali. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kitenzi ukikitia mkia wa "-ika", mtenda anayeyuka kama barafu juani. Hakuna aliyemwaga chai kwenye mafaili, chai imemwagika. Hakuna aliyeharibu gari la ofisi, limeharibika. Mkia mdogo tu, na jengo zima linalala usingizi mnono.

Kuhusu daraja, mambo yalikuwa mepesi. Siku chache kabla ya uzinduzi Mzee Ika alikwenda kulikagua, akaona nati ni nyingi mno, zinaharibu sura. Akaamuru nusu yazo zitolewe ili daraja lipate kupumua. Fundi akamwambia wahandisi wanataka zibaki, na yeye pia, akamuuliza kama ana uhakika. Mzee Ika akamjibu kwamba daraja ni kama shati, na kwenye joto hili nani anafunga vifungo vyote? Siku yenyewe ikafika, utepe ukakatwa, wakubwa wakavuka, bendi ikafuata nyuma. Daraja likapumua mara moja tu. Mpiga ngoma kubwa akaenda nalo mtaroni.

Shida ilikuwa wafadhili. Walitaka ripoti kwa Kiingereza na Kifaransa, na walitaka kujua kitu kimoja: nini kilisababisha? Mzee Ika, ambaye ukatibu mkuu alikuwa ameshauota mpaka akauchagulia mapazia, hakutaka jina lake likae karibu na kitenzi chochote. Akamwita mtafsiri.

"Dada, kaa. Nataka neno la kusababisha lisilokuwa na msababishaji."

Mtafsiri akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio. "Mkuu, hapo umenipa mtihani. Kiingereza wana 'cause'. Linataka mtu. Kifaransa ni 'causer', nalo linataka mtu."

"Lingine."

"'Trigger'. Hilo ni la kufyatua, kama bunduki. Kifaransa, 'déclencher'."

"Safi sana!"

"Kidole cha nani?"

Mzee Ika akaingiza mikono chini ya meza. "Lingine."

"'Bring about', yaani kuleta jambo. Kifaransa unaweza kusema 'provoquer', ila lina harufu ya uchokozi."

"Nani achokoze daraja? Tupa huko."

"'Lead to'. Kifaransa, 'conduire à', kama mtu anayeendesha gari mpaka mahali."

"Mimi sina leseni," Mzee Ika alisema haraka.

"Sijakutaja, Mkuu."

"Natahadhari tu."

Mtafsiri akakuna kichwa. "Lile 'causer', Wafaransa wakiwa barazani hulitumia pia kwa kupiga soga."

Macho ya Mzee Ika yakawaka. "Si ndilo hilo! Andika kwamba daraja lilikuwa linapiga soga na mtaro, likapitiwa."

"Mfadhili atacheka mpaka taya limteguke, halafu atauliza tena. Ila ngoja. Wana 's'effondrer'. Ukilifumua kipande kwa kipande, daraja limejiporomosha."

"Limeji..."

"Lenyewe. Kwa hiari yake. Na Kiingereza ni 'collapse' tu, basi. Hakuna anayetajwa."

Mzee Ika alisimama akampa mkono, kisha akaagiza soda mbili baridi. Ripoti ikaandikwa. Nati zilijifungua. Daraja likajiporomosha. Mguu wa mpiga ngoma ukajivunja. Na ili asiachie mwanya hata wa kupitisha sindano, akaongeza sura nzima inayothibitisha kwamba tangu ashike kitengo hicho, yeye binafsi hajasababisha kitu chochote, popote, kwa namna yoyote.

Wafadhili walikuja wawili: bwana mrefu wa Kiingereza, na mama wa Kifaransa mwenye mkufu uliokuwa unagonga meza kila akiinama. Mtafsiri akakaa katikati yao. Mpiga ngoma naye alikuwepo, mguu wenye plasta ameulaza juu ya kiti cha mbele, magongo yameegemezwa ukutani.

"Wakubwa, mimi sina maneno mengi," alisema. "Hospitali wanataka jina la aliyenivunja. Bila jina, matibabu ni juu yangu, na mimi mguu huu ndio wa gwaride. Bendi haimsubiri mtu anayechechemea."

"Ndugu yangu," Mzee Ika akamjibu kwa upole, "mguu wako umejivunja. Kaa nao, uuulize una tatizo gani."

"Niuulize mguu?"

"Hayo ni ya nyumbani kwako. Wizara haiingilii mambo ya familia."

Wafadhili wakanong'onezana. Mtafsiri akainua uso. "Mkuu, wanasema wameisoma ripoti yote. Wamevutiwa."

Mzee Ika akanyoosha tai. Mapazia ya ukatibu mkuu yalikuwa yanapepea.

"Wanauliza, ni kweli hujawahi kusababisha chochote?"

"Kweli tupu."

"Hata kidogo?"

"Waambie hata kwa bahati mbaya!"

Mtafsiri akawaambia. Mama wa Kifaransa akafunga jalada lake, mkufu ukagonga meza. Bwana wa Kiingereza akasema maneno machache, akachomeka kalamu mfukoni.

"Wanasema kitengo kisichosababisha kitu hakina athari, kwa hiyo hakuna haja ya kukigharamia. Na Waziri alishawaambia watakaloamua yeye yuko nalo. Kitengo hakipo tena. Na cheo chako nacho, ndiyo hivyo."

"Cheo changu? Nani amekifuta?"

"Hakuna aliyekifuta, Mkuu. Kimefutika."

Mzee Ika alitazama huku na huku akimtafuta mtu wa kugombana naye, akakuta nyuso zimetulia kama maji ya mtungini. Kufukuzwa angevumilia, kufukuzwa kuna heshima yake, mtu amekuogopa. Lakini kufutika! Damu ikampanda.

"Mimi sina athari?" Akasimama, kiti kikaanguka. "Waambie hao! Mimi nikikohoa, ghorofa ya tatu yote inaacha kutafuna! Ile milango iliyopakwa rangi mara nne, ni nani? Mimi! Lifti iliyofungwa ili watu wafanye mazoezi, nani? Mimi!"

"Taratibu, Mkuu, natafsiri."

"Na daraja lile! Wahandisi walisema nati zibaki. Fundi alisema zibaki. Mimi nikasema ng'oa, zikang'olewa! Neno moja tu la kinywa changu, na chuma chote kile kikalala mtaroni! Hiyo kama si athari, ni nini?"

Mpiga ngoma alikuwa ameshatoa simu. "Haloo, hospitali? Lile jina limepatikana." Akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia Mzee Ika kwa adabu zote. "Samahani, mzee wangu. Ika hilo ni la utani, sivyo? La kitambulisho wanaliandikaje?"

Ndipo Mzee Ika akasikia alichokisema. Akamshika mtafsiri mkono wa gauni. "Dada, hiyo ya mwisho, ya nati, usiitafsiri. Nakuomba."

Wafadhili walikuwa wanaandika, wote wawili, kwa kasi.

"Pole, Mkuu," mtafsiri alisema, akivaa miwani yake. "Imeshatafsirika."